Sinki Lililoachana na Ukuta

Alikuwa amelala chali chini kabisa ya shimo la lifti, kofia ngumu bado kichwani, ukanda wake umebana kidevu vizuri kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Waashi ndio waliomkuta asubuhi walipofuata ndoo zao. Wa kwanza alidhani ni turubai lililoporomoka. Wa pili akaona viatu.

Inspekta alipofika aliwakuta wamesimama mbali kidogo, kofia mkononi, hakuna anayetaka kusogea wala anayetaka kuondoka.

"Nani huyu?"

"Dada Mgongano," walijibu kwa pamoja. Msimamizi wao akaona aibu. "Mratibu, afande. Mratibu wa mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa jengo. Hospitali yote hii imejengwa kwenye kompyuta kwanza, mpaka bomba la mwisho. Kazi yake ilikuwa kuangalia vitu visigongane humo ndani. Bomba lisipite kwenye nguzo, ngazi isitokee chooni."

"Na vikigongana?"

"Anakuita mbele za watu."

Inspekta aliinama akatazama, akainuka, akazunguka upande wa pili, akainama tena. Kituoni walimwita Kiguu, kwa kuwa mama huyu alikuwa kiguu na njia kwelikweli. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Sajini wake, mwanamume mnene mwenye pumzi fupi, alishakata tamaa zamani ya kumfuata hatua kwa hatua. Alikuwa akichagua mahali pa katikati, anasimama, anamwacha azunguke.

"Juu," Kiguu alisema.

"Nilijua," Sajini alisema, akaitazama ngazi kama mgonjwa anavyoitazama sindano.

Ghorofa ya nne ndiyo ilikuwa ya juu kabisa yenye sakafu iliyokamilika. Kulikuwa na harufu ya saruji mbichi. Kwenye mdomo wa shimo la lifti palitakiwa kuwa na lango la mbao lililofungwa kwa kamba. Lango lilikuwepo, lakini limeegemezwa ukutani kwa adabu, na kamba yake imezungushwa ikawekwa juu. Haikukatwa. Ilifunguliwa.

Kiguu alichungulia chini, akarudi nyuma, akachungulia tena. Kulikuwa na upepo mdogo ukitoka humo shimoni.

"Kuanzia sasa hapandi mtu," aliamuru. "Si fundi, si bosi, si paka."

Utepe ukafungwa ngazini.

Kazi ya kufunga malango yote ya mashimo ilikuwa ya mtu mmoja, na kila aliyeulizwa alimtaja kabla swali halijaisha. Kamba. Mwanamume mrefu, kimya, mwenye mikono kama makasia, aliyekuwa akizunguka saiti kutwa nzima akifunga hiki na kile. Kila aliyemtaja alimaliza kwa hadithi ileile. Wiki iliyopita Dada Mgongano alipiga picha lango moja lililolegea, akaionyesha kikaoni, watu wakacheka. Kamba akamwambia mbele ya mafundi wote: "Siku utakapoanguka, nami nitacheka."

"Ulisema?" Kiguu alimuuliza.

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Hasira, afande. Mtu akichekwa husema."

"Na jana jioni lango hilo ulilifunga?"

"Nililifunga. Yote nilifunga. Hilo la nne ndilo la mwisho, halafu nikashuka nikaenda nyumbani kwa miguu."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu aliniona nilipofika."

Mkuu wa kituo alipiga simu kabla hata maiti haijatolewa. Alikuwa mtu wa faili jembamba. "Kiguu, hii si kesi ya kuzungukia. Lango wazi, mwenye lango yupo. Kusababisha kifo kwa uzembe. Mweke ndani, kesho jioni nataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

Kiguu alisaini. Kamba akaingizwa garini huku mafundi wakiangalia saruji, wakiangalia viatu vyao, wakiangalia kila kitu isipokuwa yeye.

Usiku ule usingizi haukuja. Alichokiona kila alipofumba macho ni ile kamba. Mtu anayeacha lango wazi kwa uzembe haizungushi kamba yake vizuri hivyo.

Kesho yake, alipoingia kituoni, benchi la mbele lilikuwa limeshikwa na mwanamke mwenye chupa ya chai na mdomo usiopumzika. Alikuwa ameshajua koplo wa mapokezi ana watoto wangapi, na kwa nini mahabusu wa chumba cha pili ameachwa na mchumba wake.

"Wewe ndiye Kiguu," alisema. "Nimeambiwa nitakutambua kwa mwendo. Mimi mke wa Kamba. Mume wangu amekula?"

"Amekula, mama."

"Muongo. Akiwa na wasiwasi hali. Basi nikuulize jingine. Mtu anayeamka kitandani kurudi kuangalia kama mlango wa kuku umefungwa, mara mbili, mara tatu, mpaka mimi nalala peke yangu kama mjane, huyo ndiye ataacha shimo wazi?"

"Nalifanyia kazi, mama."

"Fanya haraka. Nimemaliza habari za koplo, sasa naanza za kwako."

Kiguu alicheka bila kutaka, na bado alikuwa na kicheko hicho usoni alipoingia chumba cha maiti. Daktari wa uchunguzi akamwondolea. Alinyanyua mkono wa kuume wa marehemu, akaugeuza kwenye mwanga.

"Kifo ni cha kuanguka, hilo halina mjadala. Lakini angalia kifundo cha mkono. Vidole vinne huku, gumba huku. Alishikwa kwa nguvu sana, akiwa hai, muda mfupi kabla ya kufa."

"Alivutwa?"

"Au alizuiwa. Ngozi haisemi nia."

"Kucha?"

"Safi. Hakupigana na mtu." Daktari akafunika shuka. "Mdogo wake alikuja kumtambua jana. Peke yake, maskini, analia mpaka anashika ukuta. Nikamuuliza, huna mtu wa kukushika? Akasema mume yuko kazini."

Kiguu alisimama mlangoni kidogo. Mume yuko kazini, siku shemeji yake amekufa. Kazi gani hiyo isiyomruhusu mtu kutoka?

Mkuu wa kituo aliposikia habari ya vidole, hakuona jalada likinenepa. Aliliona likibadilika jina. "Basi hakuacha lango tu. Alimshika akamrusha. Mauaji. Alitishia mbele ya watu, mikono unaiona yenyewe. Jioni, Kiguu."

Kutoka uzembe hadi mauaji, kwa simu moja. Kiguu alitoka nje akitembea upesi kuliko Sajini anavyoweza kukimbia. Alama zile, ambazo alidhani zingemtoa Kamba, zilikuwa zimemfungia mlango wa pili.

Ofisi za saiti zilikuwa makontena mawili yaliyounganishwa, yenye joto na harufu ya plastiki. Humo ndimo mfano ulimoishi. Msanifu majengo, mwanamume mwembamba wa maneno mengi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, aliwasha projekta, na hospitali nzima ikatokea ukutani, ikielea bila ardhi.

"Kijivu ni zege. Bluu ni maji. Manjano ni umeme. Kijani ni hewa. Kuta za rangi ya maziwa ni zangu. Kila mtu na chake, na hakuna anayeruhusiwa kugusa cha mwenzake. Mimi siwezi kusogeza bomba, mtu wa bomba hawezi kusogeza ukuta. Mratibu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa anatukutanisha. Vikigongana vinawaka nyekundu, na jina lako linatokea pembeni."

"Hapo ukutani? Mbele ya wote?"

"Kila wiki. Mimi nimewaka kama kibanda cha mkaa." Alicheka, kisha akakumbuka kuna msiba. "Sote tumewaka. Isipokuwa Sifuri."

"Sifuri ni nani?"

Msanifu alionyesha kwa kidevu. Kwenye meza ya pembeni alikaa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikakaa kama kisu, macho kwenye skrini. Alipotajwa aliinuka nusu, akatikisa kichwa kwa heshima, akakaa.

"Mhandisi wa maji na mabomba. Tangu tuanze jengo hili hajawahi kuwa na mgongano hata mmoja. Sifuri, kila wiki. Wenye mradi, wakija wageni, wanamwonyesha kama twiga."

"Jana na juzi ulikuwa hapa, mhandisi?" Kiguu aliuliza.

"Nipo hapa siku zote, afande. Mimi mtu wa skrini."

"Huko juu hupandi?"

"Sijapanda tangu waanze kujenga kuta za ndani. Sina haja. Kila kitu kipo humu."

Sauti yake ilikuwa laini na haikupanda wala kushuka. Kiguu alirudi kwa msanifu. "Nipeleke ghorofa ya nne. Kwa mfano."

Picha ikazama ndani ya jengo, ikapita ukutani, ikageuka. Sajini alishika kiti. "Taratibu, bwana. Nimekunywa chai."

Wakafika mbele ya lifti. Kando yake palikuwa na chumba kidogo, cha wauguzi, msanifu alieleza, chenye kabati, dirisha na sinki la kunawia. Hapo akasita, akashusha miwani.

"Ajabu. Hata Sifuri amechoka siku hizi. Tazama sinki lake. Limeachana na ukuta."

Kweli. Kati ya sinki na ukuta palikuwa na uwazi, upana wa shibiri. Sinki lilisimama peke yake katikati ya hewa, kama mtu aliyegombana na mwenzake akaamua kutoegemea.

"Limekuwa hivyo siku zote?"

"Hapana. Juzi tulipitia chumba hiki na marehemu, lilikuwa limebana ukuta safi kabisa. Nitamwambia alirekebishe."

"Usimwambie," Kiguu alisema kwa sauti ya chini, bila kujua bado kwa nini. "Chukua hicho kishikwambi kilicho mezani, chenye mfano, twende juu."

Walipanda watatu. Utepe ulikuwa haujaguswa. Kwenye ghorofa ya nne msanifu alinyanyua kishikwambi mbele ya uso wake, na kwenye kioo chake mfano ukalala juu ya jengo halisi, mstari kwa mstari, kama nguo juu ya mwili. Ndivyo alivyokuwa akitembea marehemu kila siku, alisema. Jicho moja kwenye kioo, jicho moja kwenye zege.

"Alikuwa anaangalia nini hapa mdomoni mwa shimo?" Kiguu aliuliza.

Msanifu aliinua kishikwambi, na maneno yakamwisha. Kwenye kioo, bomba nene la bluu, la maji machafu, lilipita chini ya boriti kubwa kando ya shimo. Akashusha kioo. Chini ya boriti hapakuwa na bomba. Palikuwa na hewa tu.

"Bomba liko wapi?" Sajini aliuliza.

"Lazima lipo. Choo cha upande ule kilishajaribiwa, maji yalipita."

Kiguu alimshika Sajini mkanda wa suruali. "Nishike na wewe, vizuri." Akajinyoosha juu ya shimo, akamulika tochi kwenye upande wa boriti usioonekana kutoka sakafuni. Palikuwa na tundu la duara, limetobolewa kwa mashine, na bomba limepenya humo. Ukingoni mwa tundu nondo zilizokatwa ziling'aa kama meno.

Alipomwelezea, msanifu aliketi chini sakafuni na suruali yake nzuri. "Boriti ile ndiyo inayobeba wodi ya wazazi. Bomba halikuweza kupita chini, dari ingekuwa chini mno. Alipaswa kutuambia, tungepanga upya. Badala yake katoboa. Na kwenye mfano akalichora chini, ili lisiwake."

"Nani alipaswa?"

"Bluu ni yake."

Kiguu alizima tochi. Akarudi nyuma akitafuta mahali pa kuegemea, akaegemea ukuta wa chumba cha wauguzi. Akakaa hivyo akipumua. Kisha akageuka polepole.

"Inua kioo tena. Ukuta huu. Kwenye mfano uko wapi?"

Msanifu alitazama. Ukuta wa rangi ya maziwa ulikaa upande mmoja, ukuta wa matofali upande mwingine, na kati yao shibiri moja. "Wamekosea hawa. Wameuingiza ndani mno."

"Na sinki?"

Sinki la kwenye kioo, lile lililoachana na ukuta wake, lilikuwa limebana ukuta wa matofali barabara. Safi. Bila hata nafasi ya kupitisha karatasi.

Kiguu alishuka ngazi mbilimbili.

Msimamizi wa waashi alijikuna shingo alipoulizwa. "Ukuta ule? Tuliujenga juzi alasiri, tukaumaliza ndipo tukashuka. Kijana wangu alishika mstari wa chaki wa zamani. Tukasema kesho yake tuubomoe mapema, kabla ofisi haijaona. Tulipokuja, tukakuta msiba, na afande ukafunga ngazi."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, nichekwe? Wewe ndiye wa kwanza."

"Mhandisi wa maji?"

"Sifuri? Huyo hata kumwomba moto wa sigara naogopa, atasema nimeuchora vibaya."

Kwa hiyo ukuta ulikosewa alasiri ya siku ileile ya kifo. Walioujua ni waashi, na mtu yeyote aliyepanda baada yao. Asubuhi ngazi ilifungwa. Na humo katikati, sinki ambalo mtu mmoja tu duniani aliruhusiwa kuligusa lilikuwa limesogea kuufuata ukuta.

Bado alikosa kitu kimoja. Kwa nini mwanamke makini kama yule, adui wa malango yaliyolegea, asimame ukingoni na mtu aliyemfumania? Na kwa nini kucha zake zilikuwa safi?

Kitu hicho alikipata kwenye benchi.

"Sifuri?" Mke wa Kamba alifunga chupa yake. "Yule msafi msafi? Si ndiye mume wa mdogo wa marehemu. Hukujua? Mtaa wetu mmoja. Kwenye arusi yao nilipika mimi. Kazini hawasemi, wanaitana mhandisi na mratibu, watu wasije wakasema kaingizwa na shemeji yake. Lakini aliyemtafutia kazi ni dada mtu. Alimpenda yule kijana kama mdogo wake wa kuzaliwa. Kila sikukuu anamsifia mezani mpaka wengine tunasinzia."

Kiguu alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni. "Mama, ungekuja jana ukanikuta mimi kwanza badala ya koplo."

"Jana ulikuwa unatembea."

Sifuri aliletwa alasiri. Alikubali maji, akayaweka mbele yake, akaisogeza glasi mpaka ikakaa katikati ya mstari wa mbao za meza. Sajini alimsomea haki zake. Alisema ameelewa, hahitaji wakili, hana la kuficha.

"Pole na msiba," Kiguu alisema.

Kope zilicheza. "Ahsante. Alikuwa mfanyakazi mwenzangu."

"Alikuwa shemeji yako."

"Ndiyo. Pia."

"Mkeo alikwenda kumtambua peke yake."

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Saiti ilikuwa imefungwa, mhandisi. Kazi gani?"

"Ya mfano haifungwi."

Kiguu alikuwa akitembea, mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango. Macho ya kijana yalimfuata.

"Lile bomba kwenye boriti."

"Fundi alikosea kutoboa. Nimepata habari nikiwa nimechelewa. Nilikuwa nitaripoti."

"Sawa. Juzi jioni hukupanda juu?"

"Sikupanda."

"Nimekuamini. Basi nisaidie kitu kidogo tu, nimalize, urudi nyumbani kwa mkeo." Aliweka kishikwambi mezani. "Hili sinki. Mtu wa kwanza anayefungua mfano analiona limeachana na ukuta. Liko nje kwa shibiri. Nadhani ulikuwa umechoka, mkono ukateleza. Andika tu hapa kwamba ulikosea, unaondoka."

Sajini alimtazama bosi wake kama mtu aliyesikia mlango wa zizi ukifunguliwa. Kiguu hakumtazama.

Kijana alilitazama lile sinki. Alitazama karatasi. Akashika kalamu, akaiweka.

"Sikukosea."

"Lakini limeachana na ukuta. Kila mtu anaona. Msanifu amelicheka leo, kwa kweli."

"Amecheka?"

"Mbele ya huyu Sajini. Alisema hata Sifuri amechoka."

Mshipa ulitokea pembeni ya paji lake. "Sinki liko sahihi. Ukuta ndio umekosewa. Akaupime kabla ya kucheka."

Kiguu aliacha kutembea.

"Umeuona lini, mhandisi?"

Feni ya dari ilizunguka. Nje, koplo alikuwa akicheka kwa kitu alichoambiwa na mke wa Kamba, kisha akanyamaza.

"Ukuta umejengwa juzi alasiri," Kiguu alisema. "Jana asubuhi nilifunga ngazi. Waashi hawakumwambia mtu. Na nimekupa njia ya kutoka, umeikataa mwenyewe. Umeuona lini?"

Sifuri aliisogeza glasi kidogo. Akairudisha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto anayesikia baridi.

"Jana niliwahi ofisini, kabla ya wote," alisema. "Nilijua yuko kule chini, na kwamba watamkuta. Simu na kishikwambi chake nilikuwa nimeshavificha. Mikono ilikuwa hivi hivi. Nikafungua mfano ili itulie. Nikakumbuka ule ukuta. Wangeuchora ulivyojengwa, sinki langu lingeingia ndani ya matofali, lingewaka. Nikalisogeza. Ikatulia."

"Anza juu. Anza naye."

"Alinipigia simu akiwa juu. Alisema, shemeji, njoo uone kitu chako. Nikajua. Nilimkuta na kishikwambi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema kwa upole, tundu lazima lipigwe picha kabla ya kikao, nishike. Lango nililifungua mimi, nikaliegemeza, nikazungusha kamba. Akaninyooshea mkono."

"Ukamshika."

"Nilimshika barabara. Ningemshika hata kutwa, afande, sikuwa na wazo lolote baya, naapa. Akajinyoosha, akapiga picha. Akiwa bado kule nje akasema, 'Kesho utawaambia mwenyewe, au niwaonyeshe mimi?' Nikamwambia, shemeji, nisitiri, nitatafuta njia taratibu. Akasema wazazi watalala juu ya boriti hii, hakuna taratibu. Akasema kukosea si kufa. Nikauona ule ukuta wa kontena. Nyekundu, na jina langu pembeni. Msanifu anacheka. Wakwe zangu wanasikia. Vidole vikafunguka."

"Vilifunguka, au ulivifungua?"

Sajini, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu.

"Nilivifungua."

"Na Kamba alipoingizwa garini?"

"Nilikuwa mlangoni mwa kontena. Nilimwona. Nikasema moyoni, watamwachia, hawana ushahidi."

"Kwa ajili ya sifuri moja."

"Wewe unaiona moja, afande." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Msanifu akikosea watu wanamcheka halafu wanampenda zaidi. Mimi hakuna anayenipenda kwa maneno yangu, wala kwa sura. Ninapoingia mahali, ile sifuri ndiyo inayonitangulia. Hata dada mtu, mezani kwao, alinisifia hiyo. Ikitoka, mimi nabaki nani?"

Sajini alimsogezea maelezo ya onyo aliyokuwa akiyaandika; kijana akayasoma yote, akasahihisha herufi moja aliyoikosea Sajini, akasaini.

Mkuu wa kituo alipokea jalada, akaliona ni nene, akanung'unika, akasaini kuachiwa kwa Kamba bila kuinua kichwa. Msanifu alikuwa ameshapiga simu: nguzo za muda zinawekwa chini ya ile boriti, ghorofa ya nne imefungwa mpaka ivunjwe na kujengwa upya.

Kiguu alimfungulia Kamba mwenyewe. Kamba alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, akivaa viatu, akifunga kamba za kiatu polepole.

"Alimpa mkono," alisema mwishoni.

"Alimpa."

"Mimi nilimtakia aanguke. Nilisema kwa mdomo wangu."

"Ulisema kwa hasira."

"Nilisema tu." Akafunga kiatu cha pili.

Pale mapokezi mkewe alimkagua toka kichwani hadi miguuni, akamnusa shati, akamwambia ananuka kama gunia. Kisha akamgeukia Kiguu, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Yule mdogo mtu ameambiwa?"

"Bado. Ndiko naenda."

"Jana dada, leo mume. Utamwambia wewe na huyo Sajini, mmesimama mlangoni na kofia zenu?"

Kiguu alishazoea kubisha hodi, kusema, na kuondoka haraka.

"Haiwezekani," mke wa Kamba alisema. Alikuwa tayari anakusanya chupa na vikombe vya koplo. "Habari kama hiyo inataka nyumba yenye watu. Tutapita kwa mama wa kona, na kwa yule jirani mnene, tuingie pamoja. Wewe utasema, sisi tutabaki." Akamtazama mumewe. "Wewe nenda nyumbani ukaoge."

Kamba alikuwa ameshatangulia mlangoni. Alikuwa ameushika wazi kwa mkono wake mkubwa, akisubiri wapite.

"Nitaoga baadaye," alisema. "Nami naja."